Ndoo Mbili za Maji

Kitu cha kwanza alichokiona Mwongeli kilikuwa mstari wa pasi. Ulikuwa kwenye mkono wa koti jeupe la shemeji yake, Wathome, umenyooka kutoka begani hadi kwenye kifungo, mkali vilevile kama alivyoupiga yeye mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi juu ya meza ya dada yake kule Kaloleni. Watu wengine wote kiwandani walikuwa wamelowa na kupakwa masizi. Ondiek alikuwa anakohoa. Mama Mulama alikuwa ameungua nyusi. Na katikati yao alisimama Wathome, msafi kama mgeni wa harusi, simu mkononi, akiuliza kuna nini.

Kulikuwa na moto, na ulikuwa umekwisha.

Kiwanda kilikuwa cha dobi, ng'ambo ya barabara ya Jogoo, kinafua mashuka ya hospitali na vitambaa vya meza vya mahoteli. Kila mashine ya kukaushia ina chujio ambamo nyuzi za nguo hujikusanya kama pamba, na chujio la mashine ya pili lilikuwa limekaa siku tatu bila kusafishwa, kwa sababu Wathome, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi, alisema usafi unapoteza muda. Siku ya tatu pamba ile ikashika moto.

Mama Mulama aliiacha pasi yake palepale. Alienda moja kwa moja ukutani akaishusha swichi kubwa ya umeme, kisha akaupiga teke mlango wa mashine ukajifunga. Ondiek alikuwa amekimbilia ndoo ya maji. Mama Mulama alimkuta nayo njiani akampiga kofi la mgongo.

"Unataka kutuzika? Maji na stima? Weka chini. Lete blanketi lililolowa, lete mawili, lete yote."

Walileta. Yeye, Ondiek na Mwongeli waliziba kila mahali mashine ilipopumulia, wakayakandamiza mablanketi kwa mikono hadi moshi ukakosa pa kutokea. Labda ilikuwa dakika nne. Kwenye dakika ya kwanza Wathome alikuwa amelipita lango la kiwanda kwa mwendo ambao bawabu alikuja kuusimulia mwezi mzima.

Sasa alikuwa amerudi. Alitazama mashine, akatazama sakafu, akatafuta neno la msimamizi, akalipata.

"Nani amechukua mablanketi ya mteja bila kuandikisha?"

Kesho yake Mama Mulama alipewa barua ya onyo. Ilisema kwamba aliondoka kwenye sehemu yake ya kazi bila ruhusa ya msimamizi. Aliisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza, kisha akaikunja mara nne.

"Ruhusa," alisema. "Ningemwombea wapi? Getini?"

Watu walicheka, lakini waliangalia nyuma kwanza.

Wiki mbili baadaye ofisi ilileta tathmini. Aliyeileta ni Madam Sahro, mwanamke wa makamo aliyekuwa ameajiriwa mwezi uliopita kushughulikia mambo ya wafanyakazi. Alikuwa na sauti ya chini, ya kuwafanya watu wanyamaze ili wamsikie. Aliwakusanya uani saa ya chai, akawagawia fomu za manjano.

"Kila mtu ataandika jina la mwenzake mmoja," alisema. "Mmoja tu. Mtu ambaye kazi yake unaijua na ungetaka abaki hapa. Halafu uandike jambo moja alilofanya, ulilolishuhudia kwa macho yako. Kiswahili kinatosha. Nitazisoma zote, kisha nitamwita kila mtu anieleze kwa mdomo."

"Na asiyeandikwa na mtu?" Ondiek aliuliza.

"Tutaangalia kazi yake. Ila kama ana barua ya onyo, na hakuna hata mwenzake mmoja aliyemsemea, mkataba wake ukiisha hatutaurefusha."

Mkataba wa Mama Mulama ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Kila mtu alijua. Kila mtu akaikodolea fomu yake macho kana kwamba imechorwa picha.

Madam Sahro alipoondoka, Wathome aliwaita watu wake nyuma ya magunia ya sabuni. Watu wake walikuwa tisa, wote wale ambao yeye ndiye aliyewaletea kazi au aliyekuwa amewapa zamu nzuri. Mwongeli alikuwa mmoja wao kwa sababu zote mbili, na ya tatu: alikuwa akilala kwenye sofa lake.

Wathome alikuwa mtu wa kalamu tatu mfuko wa kifuani, na siku ukimwomba moja uandikie, utaambiwa ya kwanza imeisha, ya pili ni ya kusaini, na ya tatu ni zawadi. Alizigusa zote tatu sasa.

"Nafasi ya meneja msaidizi iko wazi," alisema. "Hii tathmini ndiyo itaamua. Mimi nikipanda, nyinyi mmepanda. Kwa hiyo msijisumbue kufikiri. Maneno nitawaletea Jumatatu, yamepangwa, nyinyi ni kunakili tu."

"Lakini madam amesema tuliyoyaona kwa macho," Ondiek alisema.

"Na nyinyi hamna macho? Mtayaona nikiyaleta."

Aliondoka akitembea kama mtu anayepigwa picha. Ondiek alimngoja afike mbali.

"Sasa hata macho atatuletea. Huyu jamaa, wallahi."

"We andika tu, buda," mwenzake alimwambia. "Ndiye hupanga zamu. Ukimkosea atakutupa Jumapili mpaka ukristo ukuishe."

Mwongeli hakusema neno. Hakuna aliyetarajia aseme. Alikuwa kiwandani mwaka wa pili, na wako waliofanya naye kazi meza moja bila kuijua sauti yake.

Jumamosi mchana, nyumba ya Wathome iligeuka ofisi. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, ya zile za mawe za kaunsili, yenye bomba nje na kamba za nguo za majirani mbele ya dirisha. Mumo, mtoto wao, alifukuzwa akacheze nje. Redio ilizimwa. Wathome alikaa kwenye kiti chake, kiti ambacho hata mgeni akikikalia huombwa asogee, akaweka mguu juu ya goti.

Kavutha, mkewe, ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri, kwa hiyo alikaa mezani kuandika ile nakala ya kupelekewa wengine. Mwongeli alikaa upande wa pili na fomu yake mwenyewe.

"Andikeni," Wathome alisema. "'Mimi nilimwona kwa macho yangu Bwana Wathome, msimamizi wetu shupavu...'"

"Si useme hodari tu, Baba Mumo?"

"Shupavu. Hodari ni wa mpira."

Kavutha aliandika shupavu.

"'...siku ile moto ulipolipuka. Wafanyakazi wengine walipokimbia ovyo, yeye hakujali maisha yake. Alichukua ndoo mbili za maji, moja kila mkono, akaimwagia mashine ya kukaushia hadi moto ukazimika. Bila yeye kiwanda kingekuwa majivu.'" Alinyamaza, akajisikiliza. "Ongeza: 'Ni baba kwetu.'"

Kalamu ya Mwongeli ilikuwa imesimama kwenye maji.

Juu ya mashine ya pili, mahali pa kutazamwa na kila mwenye kichwa, palikuwa na kibati kilichopakwa rangi nyekundu: HAPANA MAJI, STIMA. Kila mfanyakazi mpya alisimamishwa mbele yake siku ya kwanza, na aliyewasimamisha alikuwa Mama Mulama, ingawa hiyo ilikuwa kazi ya msimamizi. Wathome alisaini tu daftari kwamba amewafundisha. Mtu aliyewahi kufanya kazi pale, hata siku moja, asingejisifu kwa kuimwagia mashine ile maji, sawa na vile mpishi hawezi kujisifu kwa kutia petroli jikoni. Mwongeli alimtazama shemeji yake akipuliza chai. Miaka mitatu mbele ya mashine, na hajui inakula nini.

"Nini? Umekwama wapi?"

"Kwenye maji," Mwongeli alisema.

"Ee, maji. Unataka nikuandikie? Wewe ulifika darasa la ngapi?"

"La sita."

"Hukulimaliza."

"Sikulimaliza."

"Basi andika polepole. Hakuna anayekukimbiza." Alimgeukia mkewe, akatabasamu. "Na hawa ndio tunataka waendeshe kiwanda."

Kavutha alicheka kidogo. Kilikuwa kicheko cha kulipia amani, na alikuwa na vingi vya namna hiyo.

Mwongeli angeweza kusema. Yalikuwa maneno machache tu: shemeji, maji hayamwagwi pale. Aliyaweka ulimini, akayaonja, akayameza. Akaandika maji, akaandika moja kila mkono, akaandika majivu na baba kwetu. Aliona raha ndogo, baridi, ya kumwona mtu akijichimbia huku akiomba jembe zuri zaidi. Kisha akafika chini pa kutia sahihi, akaona jina lake mwenyewe, na ile raha ikamtoka. Alikuwa na fomu moja. Alikuwa ameitumia.

Baadaye, kwenye sehemu ya kupikia, Kavutha alikuwa akichochea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe.

"Dada, Mama Mulama ataachishwa kazi."

"Mama Mulama si wa kwetu."

"Lakini ndiye aliyezima."

"Najua. Ulinieleza siku ileile." Kavutha alifunika sufuria. "Unafikiri Baba Mumo hajui? Anajua. Kila mtu anajua. Andika, nyamaza, ule. Mimi nimeishi hivyo miaka saba na sijafa."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayefundisha kushona.

Jumatatu wale wanane wengine walinakili. Walinakili wakiwa wamekaa mstari mmoja juu ya magunia, karatasi ya Kavutha ikipitishwa kutoka paja hadi paja. Ondiek alipofika kwenye zile ndoo alicheka mpaka akashika ubavu.

"Lakini mimi ndiye niliyekuwa na ndoo. Na nilipigwa kofi kwa sababu yake."

"Basi andika kofi alipigwa supavaiza."

Hakuna aliyemwambia Wathome. Watu tisa, na kila mmoja aliliona kosa, na kila mmoja akalipita kama mtu anavyoupita mzoga wa paka barabarani. Wengine waliogopa. Wengine, na Mwongeli aliliona hili machoni mwao, walikuwa wanangoja.

Wakati wa chakula alijificha nyuma ya mapipa ya sabuni. Mama Mulama alimfuata huko na bakuli lake la omena na ugali. Jina lake hasa lilikuwa Nerima, lakini tangu mwanawe Mulama azaliwe hakuna aliyelitumia. Alikuwa mwanamke mnene wa Bungoma, mwenye mdomo, na nyusi zake zilikuwa hazijarudi.

"Unanikimbia, mama?"

"Hapana."

"Kimbia tu, mimi sikimbizi mtu. Goti hili." Alikaa, akampa kipande cha ugali bila kuuliza. "Nimekuandika wewe."

Mwongeli alimtazama.

"Kwenye ile fomu. Nimeandika kwamba shuka ya hospitali ikiwa na damu wewe unaitia maji baridi kwanza, hata kama hakuna anayekuangalia. Wengine huitia tu maji ya moto, damu ikagandia. Nimeandika nimekuona mara nyingi. Si uongo?"

"Si uongo."

"Basi. Una mkataba mfupi kama mimi, utakufaa." Alitafuna. "Usiniambie umemwandika nani. Ndege hanyei kiota anacholalia. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Mulama yuko kidato cha nne, ameniuliza jana, mama, si wenzako watakusemea? Nikamwambia wako wengi, sijui hata nichague yupi."

Alicheka mwenyewe. Mwongeli alikirudisha kile kipande cha ugali ukingoni mwa bakuli.

Jumatano waliitwa mmoja mmoja. Ofisi ilikuwa ndogo, na Wathome alikuwa ameomba kukaa ndani kama msimamizi, "kuwasaidia wasiojua kujieleza." Alikuwa amekaa kando ya meza ya Madam Sahro, mguu juu ya goti, koti limenyooka. Mwongeli alikuwa wa mwisho. Fomu tisa za manjano zilikuwa zimepangwa juu ya meza kama karata.

"Kaa, Mwongeli. Hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Watu tisa," Madam Sahro alisema, "wamemwona msimamizi wao akibeba ndoo mbili. Wote wametumia neno shupavu. Nimewauliza zile ndoo zilikuwa rangi gani. Wawili wamesema nyekundu, mmoja kijani, mmoja amesema alikuwa amefumba macho. Ondiek amesema zilikuwa rangi ya ndoo."

"Vijana ni watundu, madam," Wathome alisema.

"Wewe ulizibeba. Zilikuwa rangi gani?"

"Bluu."

"Ukaimwagia mashine maji."

"Bila kusita."

"Stima ikiwa inawaka?"

Hapo ndipo Wathome alipoanza kulisikia swali. Uso wake haukubadilika mara moja. Ulibadilika vipande vipande, kama taa za nyumba za jirani zinapozimika. Madam Sahro alikuwa na ile sauti yake ya chini.

"Mimi nina wiki sita hapa. Siku ya kwanza nilitembezwa, nikaona kibati chekundu. Nikauliza ni nani anayewafundisha watu, nikaonyeshwa daftari lenye sahihi yako, kurasa ishirini na mbili. Mtu akiimwagia mashine ile maji ikiwa na stima, namfukuza siku hiyohiyo kabla hajaua mwenzake. Na hapa nina mashahidi tisa kwamba umefanya hivyo."

"Madam, ngoja kidogo."

"Nangoja."

"Maji, si maji hasa. Hawa watu..." Alizigusa kalamu zake. "Hawa watu hawajasoma, madam. Walitaka kunisifu, wakaandika vile wanavyoweza. Mimi hata sikujua wameandika nini, naziona hizi leo. Huyu, kwa mfano, ni shemeji yangu, namsaidia tu, hata darasa la sita hakumaliza. Sasa mtu kama huyo utamhoji habari za stima? Ameota ndoo, ameandika ndoo."

Akamgeukia Mwongeli, na sauti yake ikawa ile ya nyumbani, ya mtu anayeomba chumvi.

"Mwambie madam umekosea."

Nje, mashine ya pili ilikuwa ikizunguka. Mwongeli aliona kwamba anangojwa, na kwamba wote wawili walijua atakachosema: mmoja alikuwa na hakika na mwingine alikuwa amekwisha kukata tamaa. Aliukunja upindo wa gauni lake kwa vidole. Sauti ilipotoka ilikuwa nyembamba, lakini ilitoka.

"Ulisema ndoo mbili, moja kila mkono. Mimi nikaandika ndoo mbili. Nilikomea kwenye maji, ukaniuliza kama nataka uniandikie."

"Mwongeli."

"Ilikuwa Jumamosi. Dada aliandika nakala ya wengine. Hodari ulikataa, ukasema ni wa mpira."

Madam Sahro aliinamisha kichwa haraka kutafuta kitu kwenye droo. Alipoinuka alikuwa na fomu mpya, tupu.

"Ulimwona nani akizima moto?"

"Mama Mulama."

"Usiniambie. Andika. Chukua muda wako."

Wathome hakuondoka, maana hakuambiwa aondoke, na hakusema kitu, maana hakuwa amekiandaa. Mwongeli aliandika kwa dakika nyingi. Herufi zake zilikuwa kubwa na zimeachana, kama za mtoto, na hakuziharakisha.

*Namsemea Nerima, tunayemwita Mama Mulama. Moto ulipowaka alizima swichi kwanza, akafunga mlango wa mashine kwa mguu, akatuambia tusimwage maji ila tuzibe na mablanketi yaliyolowa. Aliungua nyusi. Mimi nilikuwa karibu yake nimeshika blanketi. Kila mtu mpya hapa amefundishwa na yeye na hakuna anayemlipa kwa hilo. Akiondoka hakuna anayejua kazi.*

Madam Sahro aliisoma mara mbili. Kisha akatoa kwenye faili barua ya onyo ya Mama Mulama, akaisoma nayo, ile habari ya sehemu ya kazi na ruhusa, na akaibandika kwenye fomu ile kwa pini, moja juu ya nyingine.

"Huyu anabaki," alisema. "Bwana Wathome, niachie funguo za stoo. Nenda nyumbani, nitakuita wiki ijayo. Kuna gari la kupeleka nguo linahitaji mtu wa kuhesabu magunia."

Aliliweka lile neno, kuhesabu, kwa upole sana.

Mwongeli alipofika Kaloleni jua lilikuwa bado juu ya mabati, na majirani walikuwa wakianua nguo. Wathome alikuwa kwenye kiti chake. Koti lilikuwa limetupwa juu ya redio. Kavutha alikuwa amesimama kati ya kiti na mlango, macho mekundu, mwiko mkononi, na haikuonekana kama kulikuwa na kitu jikoni.

"Amefika," Wathome alisema. "Shahidi."

"Baba Mumo, mwache akae kwanza."

"Akae wapi? Sofa ni la nani?" Alimwelekezea Mwongeli kidole. "Mimi nimekutoa kwenu Mwala unanuka moshi. Nimekupa kazi. Nimekupa pa kulala. Umeniuza kwa mwanamke wa Bungoma asiye na nyusi."

Mwongeli alisimama mlangoni na mkoba wake. Hakujibu, na kama kawaida yake Wathome alisikia kwenye ule ukimya jambo lililompendeza. Alishusha kidole. Akashusha sauti. Akawa na huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko kelele.

"Sikiliza. Najua ilivyokuwa. Yule madam alikutisha, ukapayuka. Wewe ni mwoga tangu kuzaliwa, hata dada yako anajua. Kesho asubuhi utaenda umwambie kwamba ulishikwa na woga, kwamba yule mama ndiye aliyekutuma. Fomu ya pili aitupe. Basi. Ukifanya hivyo mambo yanaisha, unalala hapa, tunakula pamoja."

"Na nisipoenda?"

"Usipoenda, beba nguo zako."

Kavutha alimsogelea dada yake, akamshika kiwiko.

"Mwambie tu uliogopa, Mwongeli. Si neno kubwa. Mtu akiogopa husamehewa. Ni neno moja."

"Na si uongo," Wathome alisema, akijinyoosha kitini, amekwisha kujisamehe mwenyewe. "Miaka miwili ndani ya nyumba yangu, na sijamwona huyu msichana akiniinulia macho hata mara moja. Nikiongea, ametazama chini. Nikikosoa, ametazama chini. Hiyo ndiyo heshima, na mimi nimeiona. Ndiyo maana nakupa nafasi."

Mwongeli aliutoa mkono wa dada yake taratibu, bila hasira. Akauinua uso, akamtazama Wathome machoni, akamtazama vizuri, kama anavyotazama shuka kabla ya kuamua ni ya maji gani.

"Haikuwa heshima, shemeji," alisema. "Na sikuwahi kukuogopa. Nilitazama chini kwa sababu ungeniona ninavyokudharau, na dada yangu angepata taabu. Nakudharau. Nimekudharau kila siku niliyokaa hapa, nikipiga koti lako pasi."